Mwandiko wa Minoru

Wakili Sekine alinikuta juu ya ngazi, nikining'iniza figili chini ya paa zikauke. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao kila nyumba ya mji wetu wa Tsubaura hujaa figili ukutani kabla theluji haijafunga njia. Nilikuwa na miaka sitini na minne, magoti yamekwisha, na mke wangu Kinue alikuwa ameishikilia ngazi huku akinisimanga.

"Mpelelezi mzima, kaogopa ngazi!"

"Mpelelezi mstaafu," nikamwambia. "Wastaafu tunaruhusiwa kuogopa."

Yule mgeni alisubiri nishuke. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, amevaa koti la kijivu na viatu vya mjini vilivyokwisha kulowa. Aliinama, akataja jina lake na kazi yake, kisha akaongeza neno moja: "Ikarashi."

Jina hilo halikuwahi kutamkwa uani kwangu kwa miaka ishirini na miwili. Wala sikuwahi kumaliza wiki nzima bila kulikumbuka. Nilimwomba Kinue atuchemshie chai.

Tulipoketi, wakili alitoa kitabu mkobani akakiweka mezani. Jalada lilikuwa na picha ya mkono umeshika barua, na barua inavuja damu. Kilikuwa riwaya ya upelelezi ya Bwana Orihara, yule ambaye vitabu vyake huuzwa katika kila stesheni ya treni.

"Umekisoma, Mzee Nawata?"

"Sisomi hadithi za upelelezi. Chakula hicho nimekila miaka thelathini, sitaki hata kukinusa."

"Basi nikusimulie kidogo. Kuna mpelelezi hodari. Amemkamata muuaji lakini hana ushahidi. Anatengeneza barua ya uongo, kwa mwandiko wa mdogo wa muuaji, kwamba mdogo huyo ameshakiri. Muuaji anaisoma, anavunjika, anasema yote. Mpelelezi anasifiwa nchi nzima."

Nilikuwa nikitazama mvuke wa chai.

"Bwana Orihara aliniambia kisa hicho alisimuliwa na marehemu Inspekta Kuramochi, walipokuwa wakinywa pamoja. Nikamwomba aje aseme mahakamani, akanigeuka: eti yeye ni mtunga hadithi, ametunga tu. Kuramochi amekufa. Umebaki wewe, uliyekuwa msaidizi wake. Ile barua ilikuwepo?"

"Wakili, mimi nimechoka."

"Naona. Ikarashi Tokuzo alikaa gerezani miaka kumi na tisa. Naye amechoka."

Niieleze hiyo kesi, maana magazeti yaliieleza kila namna isipokuwa ilivyokuwa.

Februari mwaka 1951, Bi Todoroki Fusa, mjane mwenye hamamu, nyumba ya kuogea ya umma, ya mtaa wa soko la samaki, alikutwa amekufa katika chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Alikuwa amenyongwa kwa kamba ya kimono. Wateja wa asubuhi walikuta maji baridi, wakaita, wakaingia, wakapiga mayowe. Mlango haukuvunjwa. Nyuma ya hamamu, katika banda lililoshikana na tanuri la kuchemshia maji, walilala wachocheaji moto wawili, ndugu wa baba na mama mmoja: Tokuzo, miaka thelathini na miwili, na Minoru, ishirini na miwili. Wazazi wao walikufa mapema, na Tokuzo ndiye aliyemlea mdogo wake. Siku mbili kabla, majirani walimsikia Bi Fusa akiwafokea kwamba ikifika masika ataweka tanuri la mafuta lisilohitaji wachocheaji, na wao watafute pa kwenda. Hilo peke yake ndilo tulilokuwa nalo.

Mwanamke amekufa katika chumba cha kuvulia nguo: magazeti ya Tokyo yangeomba nini zaidi? Waandishi walijaa katika nyumba zetu za wageni, wakanunua samaki wetu na kutupiga picha tukijikuna. Jarida moja la hadithi za upelelezi liliweka shindano, wasomaji wabashiri muuaji. Barua zilikuja kituoni kwa magunia. Mwalimu mmoja wa Nagoya alithibitisha kwa kurasa kumi na mbili kwamba muuaji ni kinyozi wa hamamu. Hamamu ile haikuwa na kinyozi.

Makao makuu walipiga simu kila asubuhi kumuuliza Inspekta Kuramochi kuna nini kipya. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hili bila kumtetea. Alikuwa akinigawia matonge yake ya wali nikisahau yangu. Lakini kila simu ilimtoa rangi kidogo, na siku ya kumi na moja alikuwa kama karatasi.

"Nawata," aliniita, "wewe si ndiye unayeiga sahihi ya mkuu kwenye sherehe?"

Mungu alinipa kipaji kimoja, mwandiko. Niliweza kuandika kama mtu yeyote niliyewahi kuona maandishi yake, na wenzangu walikuwa wakinichekea kwa hilo, wakiniita Brashi. Kuramochi alinipa kadi ya mwaka mpya ambayo Minoru alimwandikia kaka yake, tuliyoikuta bandani. Akanieleza anachotaka.

Kadi peke yake haikunitosha. Nilitaka kujua wanavyoitana. Basi nilimwendea Minoru chumba alichofungiwa nikiwa na viazi vitamu vya kuchoma, vya moto, ndani ya gazeti. Alikuwa hajala kitu cha moto kwa siku nyingi. Aliuma haraka, akaungua ulimi, akacheka. Mimi nikacheka naye. Tukaongea. Akaniambia kwamba tangu utotoni yeye humwita kaka yake Kaka Moshi, kwa sababu kaka alikuwa akirudi kazini uso mweusi tii. Nilimwachia viazi vyote.

Nilifanya mazoezi mara thelathini. Barua yenyewe ilikuwa mistari minne: Kaka Moshi, nimechoka. Nimewaambia kila kitu. Usinikasirikie. Minoru.

Tokuzo aliisoma alasiri, theluji ikianguka nje ya dirisha. Aliisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Amekula?"

"Amekula," Kuramochi akasema.

Tokuzo akaikunja barua vizuri, pembe kwa pembe. "Mdogo wangu anawadanganya. Ni mimi."

Kuramochi alinifinya goti chini ya meza kwa furaha. Mimi nikachukua kalamu, maana mwenye mwandiko mzuri ndiye huandika maelezo.

"Ulimnyonga kwa kitu gani?" Kuramochi akauliza.

"Kwa taulo."

"Fikiri vizuri."

"Kwa kamba?"

"Kamba ya nini? Yeye mwenyewe alikuwa amevaa nini?"

"Ya kimono."

"Haya. Ukamwacha wapi?"

"Kwenye tanuri."

"Kwani wanawake huvulia nguo kwenye tanuri, bwana?"

"Basi, chumba cha nguo."

Niliandika maelezo yale mara nne, kila mara yakizidi kuwa safi, mpaka ukiyasoma unadhani ulikuwepo. Barua ya uongo tuliitia katika jiko la kituoni. Mahakama haikuambiwa neno. Tokuzo alipewa kifungo cha maisha, Kuramochi akapata nishani, mimi nikapandishwa kuwa sajini.

Siku tulipomwachia Minoru, mimi ndiye niliyempa habari. "Kaka yako amekiri. Nenda zako."

"Amesema mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake mwenyewe."

Alivaa viatu vyake polepole, akatoka. Hakuomba kumwona.

Watu wataniuliza kama nilijua. Nilijua kwamba mtu aliyeua, akisikia amesalitiwa, haulizi kama aliyemsaliti amekula. Lakini nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mke wangu hatimaye alikuwa mjamzito baada ya miaka mingi ya kungoja, na bosi wangu alikuwa akinisifu mbele za watu. Niliamua kutojua, na kutojua nako ni kazi. Inachosha kuliko kuvua samaki.

"Kuna jambo linanisumbua," Wakili Sekine alisema, akizungusha kikombe chake. "Ameachiwa kwa masharti miaka mitatu iliyopita. Anatengeneza mafagio hekaluni, huko mjini. Mtawa wa hapo ndiye aliyeniita, alikuwa na wasiwasi kwamba alifungwa bure. Nimemwendea Tokuzo mara tano kumwambia tuombe kesi isikilizwe upya. Kila mara jibu ni hilohilo: 'Niliua mimi, mama, usijisumbue.' Nikimuuliza aliua vipi, anachanganya. Leo taulo, kesho kamba. Gerezani ameshatoka. Kwa nini mtu ang'ang'anie kosa ambalo hata kulieleza hawezi?"

Nilimtazama nikaona kweli hajui. Alikuwa ameishika kamba mkononi lakini hajaona imefungwa kwa nani.

"Kwa sababu anaamini mdogo wake ndiye aliyeua," nikasema. "Aliisoma kwenye barua yangu."

"Na mdogo?"

"Mdogo anaamini ni kaka. Nilimwambia mimi."

Wakili aliweka kikombe chini. Mlangoni alikuwa amesimama Kinue na sahani ya kachumbari ya figili, na kwa jinsi alivyosimama nilijua amesikia tangu mwanzo.

Wakili alipoondoka, nilikuwa sijamuahidi kitu. Kinue aliosha vikombe, akapika supu, akanipakulia. Tulipomaliza kula ndipo aliponiuliza, "Vile viazi vitamu vya mwaka ule."

"Vimefanya nini?"

"Nilivichoma mimi. Ulirudi nyumbani mbio, ukasema kuna kijana unamwonea huruma rohoni, hajala. Nilikuwa na tumbo la Natsue, sikuweza hata kuinama, lakini nilichutama pale jikoni nikavichoma."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nilikuwa nikimsimulia Natsue. Eti baba yako alikuwa polisi mwenye huruma." Akakusanya bakuli. "Kesho utakwenda, Baba Natsue. Usinifanye niseme mara mbili."

Nilikisoma kitabu cha Orihara ndani ya treni. Mpelelezi wake ana macho ya mwewe, halali, hakosei, na akiingia chumbani wauaji hutetemeka. Kuramochi wa kweli alikuwa na bawasiri. Alikuwa akiwahoji watu akiwa amekalia mto aliotengenezewa na mkewe, wenye tundu katikati. Lakini pale kwenye barua Orihara hakukosea hata neno. Nilifunga kitabu nikakiacha kwenye kiti, na mama mmoja akanikimbilia hadi nje akinirudishia.

Wakili Sekine alinipokea stesheni tukaenda hekaluni. Tokuzo alikuwa ameketi barazani na rundo la mafagio. Alikuwa na miaka hamsini na minne tu, lakini ungemdhania mkubwa kwangu. Nywele zilikuwa zimekwisha, na vidole vimekakamaa kama mizizi. Hakusimama.

"Unanikumbuka?" nikamuuliza.

"Afande Nawata. Ulikuwa unaandika."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yote yalinikimbia. "Ile barua ya Minoru," nikasema, "niliiandika mimi. Minoru hakuandika. Siku zote kumi na moja hakukiri kitu. Alisema tu, sisi tulikuwa tumelala."

Aliendelea kukaza kamba ya fagio. Kisha mikono ikasimama. Akavuta kipande cha karatasi, zile ambazo waumini huandikia dua zao, akanisukumia pamoja na brashi ya wino.

"Andika."

Niliandika. Niliona haya jinsi ulivyokuja vizuri, mwandiko ule, kana kwamba ulikuwa ukinisubiri. Alikiinua kile kipande akakitazama muda mrefu sana, midomo ikisoma kimya.

"Kwa hiyo hakukiri," akasema.

"Hakukiri."

"Na kama hakukiri..." Alimgeukia wakili. "Mama, siku ile mdogo wangu alitoka nje kukojoa. Nilikuwa usingizini nusu. Nikaona amekawia kurudi. Ndiyo maana nilipoisoma hii barua niliamini. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiyapima yale makawio. Nasema, je, ulikuwa ni muda wa kutosha kuua mtu? Kumbe mtu alikuwa anakojoa! Labda alikuwa akitafuta viatu gizani!" Akacheka, kisha akafunika uso kwa zile karatasi za dua.

Wakili Sekine alingoja, kisha akamuuliza kwa upole, "Na wewe, Mzee Ikarashi?"

"Mimi nini?"

"Ulimuua Bi Fusa?"

"Mimi?" Alionekana kushangaa, kama mtu aliyesahau kwamba swali hilo lilimhusu. "Bi Fusa alinipa koti la marehemu mume wake. Nimuue kwa lipi?"

Nilipiga magoti pale barazani, kichwa nikakishusha mpaka kwenye mbao. Nikamwambia anipige.

"Una umri gani, Afande?"

"Sitini na minne."

"Jitazame. Hata kupiga magoti umeshindwa, umeegemea nguzo. Nikikupiga utanifia hapa, nirudi tena ndani. Inuka." Akachukua fagio lingine. "Nenda kamwambie Minoru. Mimi barua zangu hapokei."

Minoru alikuwa akiishi Kawaguchi, mji wa viwanda vya chuma karibu na Tokyo. Alikuwa ametwaa jina la ukoo wa mkewe, akiitwa Hoshina. Tulimkuta Jumapili mchana. Mke alifungua mlango, na msichana wa miaka kumi na minne alichungulia nyuma yake. Minoru aliponiona alinitambua papo hapo. Aliwaambia waende ndani, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Hakutukaribisha. Alinisikiliza amesimama, mikono kifuani, na treni zilipopita alinifanyia ishara ninyamaze mpaka ziishe, kisha niendelee.

"Aliniandikia barua zaidi ya mia," alisema nilipomaliza. "Nilizirudisha zote. Mke wangu nilimwambia sina ndugu. Mwanangu hajui kwamba ana baba mkubwa. Siku ile nilikuuliza, amesema mwenyewe? Ukanijibu nini?"

"Kwa mdomo wake mwenyewe."

"Na haukuwa uongo."

"Haukuwa. Alisema mwenyewe. Ili wewe utoke."

Ndipo aliponipiga. Kilikuwa kibao kimoja tu, lakini cha mkono wa mfua chuma. Niliangukia baiskeli ya jirani, na sikio likaimba siku tatu. Wakili alitaka kuingia kati, nikamwashiria aache.

"Viazi vile," Minoru akaniambia, akitweta, "ndicho kitu pekee kizuri nilichokuwa nikikikumbuka katika kituo kile. Hata hicho umenichukulia, mshenzi wewe."

Kisha akamwomba wakili kalamu. Alitajiwa anwani ya hekalu, akaiandika kiganjani, kwa ule mwandiko ambao nilikuwa nimeujua kuliko wangu mwenyewe. Akaingia ndani bila kuaga.

Kesi haikusikilizwa upya upesi. Mahakama ya kwanza ilikataa, ikasema ushahidi wa mzee mmoja dhidi ya marehemu mwenye nishani hautoshi. Wakili Sekine alikata rufaa. Alikuwa mwanamke asiyejua kukaa chini. Miaka ikaenda, na mwaka 1976 mahakama ya juu ikaamuru ifunguliwe. Nilisimama kizimbani siku mbili. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana msafi, mwenye sauti ya kuimba.

"Bwana Nawata, mwaka hamsini na moja uliiambia mahakama kwamba mshtakiwa alikiri kwa hiari. Leo unasema vingine. Uliongopa wakati ule, au unaongopa sasa?"

"Niliongopa wakati ule."

"Tutajuaje?"

"Wakati ule nilipandishwa cheo. Safari hii nimepoteza marafiki."

Watu wa nyuma walicheka. Mimi sikuwa natania. Wenzangu wa kituoni walikuwa wamekaa pamoja mstari wa tatu, na wakati wa mapumziko mmoja wao, tuliyeingia naye upolisi mwaka mmoja, alinipitia karibu akanong'ona, "Umemuua Kuramochi mara ya pili, we Brashi." Mjane wa Kuramochi alinirudishia kadi zote za mwaka mpya nilizowahi kumtumia, zimefungwa kwa uzi. Orihara alikuwepo kila siku na miwani myeusi, akiandika kwenye daftari. Nasikia riwaya yake ilichapishwa upya.

Siku ya pili wakili aliniuliza kama kulikuwa na mtu mwingine wa kushukiwa. Nikasema kweli hiyo nayo. Siku ya tatu baada ya mauaji, mwenye nyumba ya wageni alikuja kituoni akasema mchuuzi wa dawa, mgeni wake, alikuwa ameondoka kwa treni ya kwanza asubuhi ile ya maiti, akaliacha sanduku lake la dawa chumbani. Mchuuzi haachi sanduku lake. Nililiandika hilo. Kuramochi alilisoma akalitia katika saraka. "Watu wetu tunao tayari," alisema. Sanduku lenyewe sijui lilikwenda wapi.

Hukumu ilisomwa majira ya kuchipua, 1977. Ikarashi Tokuzo hana hatia. Wakili Sekine alilia waziwazi, akipenga makamasi kwenye joho lake. Tokuzo aliinama mbele ya majaji watatu, kwa adabu ileile aliyowainamia wale waliomfunga.

Nilikuwa nikitafuta njia ya pembeni ya kutokea nilipozuiwa na mwanamke wa makamo, amevaa kimono cheusi. Alisema anaitwa Mitsue, binti wa marehemu Bi Fusa.

"Mahakama imesema si Ikarashi," akaanza. "Vizuri. Namwonea huruma. Sasa niambie wewe uliyekuwa mpelelezi. Nani alimuua mama yangu?"

"Sijui, mama."

"Ni yule mchuuzi?"

"Huenda. Huenda pia ni mwingine. Hatukumtafuta. Na sasa, hata akipatikana, muda wa kumshtaki umepita."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayesikiliza bei ya kitu asichoweza kununua. "Miaka ishirini na sita nilikuwa na mtu wa kumchukia. Umeninyang'anya, na mwingine hujanipa." Akainama, akanipita. Nilibaki nimeegemea ukuta. Katika yote niliyoambiwa miaka ile, na matusi yalikuwa mengi, hilo ndilo lililonitoa usingizi.

Ukumbini ndugu wawili walikuwa wamesimama kando ya dirisha. Walikuwa wameshaonana mara kadhaa kabla ya hapo, lakini daima mbele ya wakili au mtawa. Sasa waliachwa wenyewe, na nilivyoona hawakujua la kufanya. Minoru alikuwa amekuja na mkewe na binti yake, waliokaa mbali kidogo kwenye benchi.

"Umechoka?" Minoru alimuuliza.

"Kidogo."

"Kuna treni saa tisa na nusu. Au ile ya saa kumi na moja, ina viti."

"Yoyote."

"Basi ya saa kumi na moja. Tutakula kwanza."

"Haya."

Tokuzo akatazama nje. Minoru akamnyooshea kola ya koti, ambayo haikuwa imepinda, kisha akaondoa mkono haraka. Yule binti aliinuka kwenye benchi, akaja, akamwinamia Tokuzo na kumwita baba mkubwa. Tokuzo hakujua aweke wapi mikono yake.

Alikwenda kuishi nao Kawaguchi. Ilidumu miezi miwili. Kelele za viwanda zilimzuia kulala, na alikuwa akiamka alfajiri kukunja godoro na kuketi mlangoni akisubiri ruhusa ya kutoka. Mke wa Minoru aliogopa, naye Minoru akawa mkali, kisha akajuta kuwa mkali. Mwisho Tokuzo mwenyewe aliomba arudishwe hekaluni. Minoru humwendea kila mwezi. Siku nyingine huketi pamoja wakatengeneza mafagio, siku nyingine hugombana juu ya mambo madogo, supu imezidi chumvi, dirisha limeachwa wazi, na Minoru huondoka mapema. Mwezi unaofuata huenda tena.

Haya nayajua kwa Wakili Sekine, ambaye bado hunipigia simu. Mwaka jana aliniuliza kama ningependa kwenda kumwona Tokuzo, maana afya yake si nzuri. Nikamwambia amuulize kwanza yeye. Alimuuliza. Tokuzo alifikiri, akajibu kwamba hana ubaya nami, ila hana la kuniambia, na kwamba safari ni ndefu kwa mtu mwenye magoti mabovu kama yangu. Kwa hiyo sikwenda.